Ukuta Ulioniomba Msamaha

Mchana kweupe, jua linawaka, ukuta wa chumba changu uliniomba msamaha.

Soma tena. Sijasema jirani. Nimesema ukuta.

Nilikuwa nimejilaza kitandani na kitabu cha famasia kifuani, natafuna karanga zangu taratibu. Mara nikasikia sauti ya mwanamke karibu kabisa na sikio langu, inatetemeka.

"Nisamehe. Nisamehe jamani, sikujua."

Karanga ilinikwama kooni. Nikaangalia mlango, umefungwa. Nikaangalia chini ya kitanda, kuna ndala zangu na ndoo. Nikabaki kuukodolea macho ukuta, na ukuta nao unalia.

Sasa ngoja niwarudishe nyuma kidogo, msije mkasema nimeanzia katikati kama mlevi.

Mwaka wa kwanza chuoni nilipangiwa hosteli ya ndani, wanne chumba kimoja. Mmoja tulimwita DJ, kwa sababu spika yake haikuwahi kulala. Ijumaa ikifika, chumba kinageuka saluni: pasi ya nywele inaunguza, manukato yanachoma macho, viatu virefu juu ya kitanda changu. Wanatoka kwenda disko kuruka majoka, wanarudi alfajiri wakicheka na kutapika kwenye sinki ninalopigia mswaki.

Mimi waliniita Bibi.

"Bibi, twende leo. Ukacheze mpaka magoti yapone!"

"Nendeni tu wajukuu zangu. Mkirudi mnikute na usingizi wangu."

Tunacheka. Lakini ndani nilikuwa naisha. Siyo kwamba nachukia watu. Napenda watu wa mchana, wa salamu na stori mbili tatu, halafu kila mtu kwake. Muziki ukizidi, kichwa changu kinafunga duka. Mtihani wa kwanza wa muhula nilisinzia juu ya karatasi na nikafeli. Mkuu wa idara akaniambia nikifeli tena, ufadhili wangu wa masomo nitausikia kwa wenzangu.

Nikampigia mama. "Mama, nahama. Natafuta chumba mtaani."

"Utaweza? Wewe ambaye hata chai unaiunguza?"

"Nitakula kantini mama. Nataka kulala tu."

Mama akaguna, akakubali.

Nikaanza kuzunguka. Nilikuwa na mtindo wangu. Nikioneshwa chumba, naingia, nafunga mlango, nasimama katikati kimya, nasikiliza. Chumba kimoja kilikuwa kizuri mno, kumbe nyuma yake kuna baa. Kingine juu yake kuna kwaya inafanya mazoezi. Dalali mmoja alichoka kunisubiri akaniuliza, "Dada, unapanga chumba au unakipima presha?"

Ndipo nikaelekezwa kwa dalali mmoja wanayemwita Mzee wa Funguo. Mwanaume mnene, mpole, anatembea na shada la funguo kiunoni linalolia kuliko kengele ya shule.

"Mdogo wangu, kelele hutaki? Nina chumba ambacho hata mbu wake wananong'ona."

Alinipitisha kichochoro cha nyuma, kati ya nyumba ndefu na ukuta wa ghala. Akafungua mlango wa bati, tukaingia. Chumba kikubwa, choo ndani, dirisha linatazama ule ukuta wa ghala. Upande wa pili kulikuwa na kabati kubwa la mbao limesimamishwa kuziba mlango mwingine.

"Ule unaenda wapi?"

"Korido ya mbele. Huko wanakaa wanafunzi wengine, wasichana. Hautumiki. Wewe mlango wako ni huu wa nyuma, basi. Mwenye nyumba hataki mazoea. Usiende mbele kupiga soga, usigonge milango ya watu."

Jamani, mtu kama mimi anaambiwa asipige soga na majirani! Nilitamani kumkumbatia. Nikasimama katikati, nikasikiliza. Kimya. Kimya cha kunywa kama maji.

Siku ya pili nikahamia kwa teksi, kimyakimya. Kitanda changu kule hosteli kikachukuliwa wiki hiyohiyo na rafiki yake DJ.

Mwanzo ilikuwa raha tupu. Nilisoma, nililala, alama zikapanda. Lakini taratibu nikaanza kuona kwamba kile kimya hakikuwa cha kawaida.

Kwanza, hakuna aliyewasha redio. Nyumba ya wanafunzi, wasichana watupu, hakuna redio, hakuna hata mtu kuimba akifua. Nilisikia nyayo tu, na milango ikifungwa polepole kama kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Pili, nikifungua bomba, minong'ono ya upande wa pili inakatika ghafla. Nikilifunga, bado kimya. Ni kama kuna watu wamebana pumzi wananisikiliza.

Siku moja nilidondosha kitabu. Puu! Upande wa pili mtu akapiga yowe, nikasikia miguu inatoka nduki koridoni. Kitabu ni changu, nimekidondosha mimi, sasa huyu anakimbia nini? Kuna nini mgongoni kwangu?

Nikaanza kuoga mlango wa choo ukiwa wazi, kwa woga.

Kisha nikasikia sala. Mtu alikuwa amesimama nyuma ya lile kabati, mchana, anasali kwa sauti ya chini. Harufu ya mshumaa ikapenya chini ya mlango. Nikasikia, "Pumzika sasa. Tuache. Pumzika."

Nani apumzike? Humu ndani tupo wangapi?

Nikamfuata Mzee wa Funguo.

"Mzee, kile chumba kina nini?"

"Kina nini tena? Panya hao, mdogo wangu."

"Panya wanasali?"

"Panya wa siku hizi wamesoma." Akacheka peke yake, halafu akakaza uso. "Kama hukitaki, sema. Wako wengi wanakitafuta."

Nikanywea. Ningeenda wapi? Kitanda sina, mitihani inakaribia, na nikirudi kwenye spika nafeli. Nikarudi chumbani na roho mkononi.

Ndiyo ikafika ile siku ya ukuta kulia.

"Nisamehe. Sikujua."

Niliogopa mpaka nikakasirika. Mnaijua ile hofu inayofika mwisho, halafu inageuka hasira? Nikapiga magoti juu ya kitanda, nikauambia ukuta kwa sauti:

"Nimekusamehe! Umesikia? Nimekusamehe. Niache."

Upande wa pili kitu kikaanguka kwa kishindo. Kisha nikasikia kilio ambacho sijawahi kusikia tena, kilio cha mtu mzima anayelia kama mtoto. Kikaendelea mpaka kikaisha chenyewe.

Baada ya hapo ukuta ukanyamaza. Hakuna sala wala mshumaa. Nikajipongeza kwamba nimemaliza kesi. Nikadhani yameisha.

Jumapili moja umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, simu imezima. Baada ya chakula cha mchana tumbo likaanza kunikata upande wa kulia. Nikasema ni maharage ya kantini. Nikajilaza. Maumivu yakapanda mpaka nikaanza kuona ukungu. Nikainuka niufuate mlango wa nyuma, miguu ikakataa. Nikaanguka kati ya kitanda na ukuta, nikatapika nilipolala.

Kupiga kelele nilishindwa. Kila nikivuta pumzi, tumbo linapasuka. Na hata ningepiga, kule nyuma kuna ghala tu, na Jumapili halina mtu.

Hapo ndipo nilipojua naweza kufa, na nikaogopa kweli. Nilimlilia mama kama mtoto wa chekechea.

Kilichokuwa karibu nami ni ule ukuta. Nikachukua ndala, nikagonga. Ko, ko, ko.

Upande wa pili mtu alisimama. Nilisikia kiti.

Nikagonga tena. "Nisaidie," nikasema, lakini sauti ilikuwa pumzi tupu.

Nikasikia miguu mingi koridoni. Mmoja akasema, "Ameanza tena. Ni yeye, anagonga vilevile!" Mwingine akaanza kusali haraka haraka. Mwingine akalia, "Tutokeni nje, tutokeni wote!" Milango ikapigwa, miguu ikakimbia, lango la mbele likalia. Wote wakaondoka.

Nikagonga tena, polepole. Mkono ulikuwa unachoka.

Kisha nikasikia vyuma. Nyuma ya kabati. Mtu anapiga chuma kwa chuma, anapumua kwa nguvu, anapiga tena. Kitu kikakatika, na lile kabati kubwa likaanza kusogea lenyewe.

Nilifikiri nimefuatwa. Nilijua kabisa huyu ni yule wa ukutani, amekuja kunichukua.

Ukaingia mkono, kisha bega, kisha mwanamke mzima akajipenyeza, nyundo mkononi. Alikuwa amefumba macho. Amefumba kabisa, machozi yanamchuruzika, anapapasa hewa kama kipofu.

"Mpole," akasema. "Nimekuja. Safari hii nimekuja."

Akapiga magoti, akapapasa sakafu mpaka akanigusa mguu. Akashtuka, lakini hakuuachia.

"Mbona una joto?"

Akafumbua macho. Tukatazamana. Sijui nani aliogopa zaidi.

Nilizindukia hospitali. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Daktari alisema ningechelewa kidogo tu, basi.

Kando ya kitanda walisimama wawili. Yule mwanamke wa nyundo, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ambaye wenzake humwita Dada Mkubwa, na mama mmoja wa makamo amejitanda shuka mabegani. Yule mama alinitazama muda mrefu.

"Mwanangu, wewe ni nani?"

"Mpangaji, mama. Wa ile nyumba ndefu."

"Ile nyumba ni yangu. Wewe sikujui. Unakaa chumba gani?"

"Cha mwisho. Mlango wa nyuma."

Akaketi kwenye ukingo wa kitanda bila kukaribishwa. "Chumba kile nilikifunga kwa kufuli koridoni, kwa mkono wangu. Nikasema hakipangishwi tena."

Kumbe Mzee wa Funguo alikuwa na ufunguo wa nyuma. Akakipangisha kwa siri, kodi ikawa inaishia mfukoni mwake. Ndiyo maana aliniambia nisipige soga, nisigonge milango. Simu yake haipatikani mpaka leo.

Na wale wasichana wa mbele kila siku walipita kwenye mlango wenye kufuli, na ndani maji yanatiririka, kitabu kinaanguka, mtu anakohoa. Sikuwahi kusikia mzimu. Mzimu wa nyumba ile nilikuwa mimi.

Nikacheka, mshono ukaniuma. Dada Mkubwa hakucheka.

"Mpole ni nani?" nikamuuliza.

Alipangusa mikono kwenye sketi yake mara nyingi kabla hajajibu.

"Alikaa chumbani kwako kabla yako. Hakupenda kelele kama wewe. Na sisi tulikuwa watu wa muziki, kila wikiendi sherehe kwangu. Alikuwa anagonga ukuta tupunguze, sisi tunaongeza. Ikawa mchezo wetu. Jumamosi moja akagonga, tukaongeza. Akagonga tena, tukaongeza, tunacheka. Kumbe pumu imembana na dawa imemwishia. Asubuhi tulimkuta ameegemea ukuta."

Yule mama mwenye nyumba akatazama dirishani.

"Toka siku ile hatujawasha redio," Dada Mkubwa akasema. "Kisha tukaanza kusikia mtu ndani. Wenzangu walimkemea, mimi nilimwomba radhi. Na siku moja akanijibu."

"Alisema amenisamehe. Nililala usingizi wa kwanza tangu afe. Ndiyo maana uliposikika ukigonga sikukimbia. Nilijiambia, huyu amenisamehe, nami nitamfungulia hata kama ni maiti."

Akaniangalia.

"Nimefurahi uko hai, mdogo wangu. Naapa nimefurahi. Lakini ile sauti ilikuwa yako, siyo?"

Nilitaka kudanganya. Nilitaka sana. Ningesema sijui, siku hiyo nilikuwa darasani. Lakini angesikia kwenye sauti yangu, kwa sababu ni sauti ileile.

"Ilikuwa yangu, dada."

Akatikisa kichwa polepole. Akanivutia shuka mabegani, akanirekebishia mto, akatoka nje. Yule mama akaniambia nisimfuate, hata kama ningeweza kusimama.

Dada Mkubwa alirudi baadaye na uji. Akaninywesha kijiko kwa kijiko mpaka bakuli likaisha.

Sasa ninyi mnaotafuta vyumba msimu huu, na hampendi disko kama mimi, sisemi mrudi kwenye spika. Tafuteni kimya chenu, ni haki yenu. Lakini kabla ya kusikiliza chumba, mwulizeni mwenye nyumba mwenyewe, siyo dalali, kwa nini nyumba iko kimya. Hamieni mchana kwa mlango wa mbele, mbishe hodi kwa kila jirani, awaone sura na awajue jina. Na ninyi wa muziki, mkigongewa ukuta, zimeni kwanza, mkaangalie.

Mimi bado naishi mle. Kabati tumelitoa. Dada Mkubwa amemaliza chuo lakini hajahama, na yapo mambo ambayo siwezi kumsamehe kwa niaba ya Mpole. Kila jioni hupita kunigongea mlango, naitika, anasema, "Haya, usiku mwema," anaenda zake. Siku nikichelewa kuitika, husimama palepale mpaka niitike.