Tulivyochagua Gari Jeupe

Gari lile nililichagua mimi. Naanza na hilo kwa sababu mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiwaambia watu kwamba tulilichagua pamoja, na alisema hivyo kwa kunionea huruma. Sihitaji huruma yake. Yeye alitaka la buluu.

Tulikuwa tunakaa mjini, mtaa wa Bwiza, na duka letu la mawese lilikuwa mbele ya nyumba, kama maduka mengi ya pale. Michikichi yenyewe ilikuwa mbali, kusini, shamba la baba mkwe kando ya barabara ya ziwa. Kabla ya vita tulikuwa tunakodi lori. Vita vilipopamba moto wenye malori wakaikataa barabara ile, na mikungu ikaanza kuozea chini ya miti. Baba mkwe alikuwa amekwishafariki na kutuachia miti yake pamoja na maneno mengi juu yake. Basi tukaamua kununua gari letu wenyewe, pikapu ya mazutu, yaani ya dizeli. Wakati ule wa vikwazo esansi, ile petroli, ilikuwa inatafutwa kama dawa, lakini mazutu uliweza kuyapata kwa madereva wa malori makubwa, ukijua kusalimia watu.

Kwenye ua wa mfanyabiashara mmoja karibu na bandari kulikuwa na magari matatu. Tulikwenda asubuhi na fundi wetu, mtu mfupi mwenye kiburi cha kazi yake, aliyekuwa ameagiza moteri zisiwashwe kabla hajafika. Gari la mazutu, alisema, lisikilize likiwa baridi. Likishapata moto linajua kudanganya.

La kwanza lilikuwa jekundu, milango minne, viti vya kitambaa. Zuri mno. Gari la namna ile wenye bunduki wangekuja kuliazima, wa upande huu au wa upande ule, na wangekurudishia shukrani tu, kama una bahati. Tulilipita bila hata kufungua mlango.

La pili lilikuwa la buluu, la viti vya mbele tu, limebondeka ubavuni. Liliwaka mara moja. Fundi akafungua kifuniko cha oili moteri ikiwa inazunguka, akaweka kiganja juu ya tundu, akakitazama, akakinusa.

"Patron, hii iko na moteri," akamwambia mume wangu. "Apana moshi, apana kukohoa. Na resori zake za kubebea muzigo ngumu. Hii itabeba mikungu mupaka mutoto wako aoe."

La tatu lilikuwa jeupe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na lile lilikuwa limetembezwa kwa kila mwenye shamba mjini. Lilikuwa mali ya shirika la misaada lililofunga ofisi na kuondoka. Alama ya mlangoni walikuwa wameibandua, lakini pale ilipokuwa imebandikwa rangi haikupigwa na jua, kwa hiyo duara lake lilibaki, jeupe kuliko gari lenyewe. Fundi alipofungua kifuniko cha oili, moshi ulimrukia usoni.

"Hii ni maiti," akasema. "Inakunywa oili. Ukipanda mulima na muzigo, itakuacha kule kule."

Nikaomba tulijaribu barabarani, hadi kwenye kizuizi cha wanajeshi kule kunakoishia mji. Magari yalikuwa yamesimama mstari mrefu, watu wameshushwa, magunia yanachomwa kwa vyuma. Askari alituona kwa mbali. Hakutazama uso wa mtu. Alitazama rangi na lile duara, akateremsha kamba, na tulipopita akatupungia mkono. Fundi alikuwa bado anaeleza habari za pistoni.

"Tunachukua hili," nikasema.

"Mama, unanunua rangi."

"Ndiyo. Moteri haijawahi kufungua kizuizi."

Fundi alininunia hadi tuliporudi uani, na mume wangu akalipa.

Yaliyobaki niliyatengeneza mimi pia. Nilimtafutia mume wangu kizibao cha kaki chenye mifuko mingi, kama wanavyovaa watu wa misaada. Alikuwa mnene na mpole, na ndani ya kizibao kile alionekana kama mtu aliyekuja kuhesabu mahema. Mimi nilibeba daftari kubwa la jalada gumu na kalamu mbili, nikaliweka mapajani, tupu. Mikungu tuliifunika kwa turubai jeupe. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilifika hadi shambani na kurudi, na mzigo juu.

Tulikuwa tunakwenda kila Jumatano. Mawese yakarudi dukani, na wenzetu wa Bwiza waliokuwa wakituuliza siri yetu nikawaambia ni dua. Nilikuwa nasikia raha, nisiongeze uongo mwingine juu ya ule.

Kando ya barabara ile, chini ya vilima, kulikuwa na kambi. Serikali ilikuwa imewashusha watu wa vilimani kwa nguvu na kuwarundika pale ili waasi wasipate wa kuwalisha, ndivyo tulivyoambiwa. Walikuwa wanakwenda kulima mashamba yao kwa siku na saa walizopewa na wanajeshi, wasipopewa wanakaa. Vibanda vilikuwa vya majani na plastiki, na matope yalifika hadi barabarani. Tulipita pale tukiwa tumepandisha vioo. Watoto walikimbia kando ya gari wakipiga makofi, na mume wangu, ambaye hakuwa na akili ya uovu, aliwapungia mkono.

Siku moja tukirudi na mzigo, tairi likapasuka papo hapo mbele ya kambi, hatua chache kutoka kwa askari wa zamu. Mume wangu akachuchumaa kufungua nati. Nilipoinua macho, watu walikuwa wamekwishapanga foleni kwenye dirisha langu. Hakuna aliyewaita. Mtu wa kambini hujifunza foleni kabla ya kujifunza kitu kingine. Mzee wa mbele akavua kofia, akataja jina lake na idadi ya watoto wake, kisha akasubiri niandike.

Askari akasogea. "Munaandikisha leo?"

Mume wangu aliniinulia macho kutoka chini, akatikisa kichwa kidogo sana ili askari asione. Nikafungua daftari, nikaandika.

Niliandika karibu saa nzima. Mwandiko wangu ulikuwa ukisifiwa tangu shuleni, na siku ile niliupamba. Niliuliza hata maswali: nani mgonjwa, nani mjane, nani hana blanketi. Tairi lilikuwa limekwishafungwa na mimi bado nauliza. Nilijiona mtu mkubwa, na hilo ndilo linalonichefua zaidi nikikumbuka, kwamba lilinipendeza.

Karibu na mwisho wa foleni akaja mama wa makamo amemshika binti yake mkono. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kwa kuwa kabla ya vita alikuwa akileta mboga za lengalenga mjini. Binti alikuwa na mimba yake ya kwanza, mwezi wa nane, miguu imevimba kama mihogo iliyolowekwa. Alikuwa amefumba macho kwa maumivu ya kichwa.

"Madamu," mama akasema, "wanaume wako tayari kumubeba kesho mu ngobyi, mupaka hopitali ya mujini. Askari wametupa ruhusa ya kesho tu. Lakini njia ni murefu, na ile machela itamutikisa. Kama gari yenu inarudi tena hapa, tungoje gari?"

Neno moja lingetosha. Mpelekeni. Hata askari asingeshtuka, kwani maskini wangapi huambiwa kila siku kwamba hakuna nafasi? Lakini nilikuwa nimekwishakuwa mtu wa daftari, na mtu wa daftari hasemi hana gari akiwa amekaa ndani yake.

"Jumatano ijayo," nikasema. "Inshallah." Nikamwingiza na Mungu.

Mama akapiga makofi taratibu, kwa shukrani. Binti akafumbua macho, akanitazama, akatabasamu. Nikaandika jina lake na kulipigia mstari chini, kuonyesha kwamba ni la haraka.

Tulipoingia Kanyosha, mtaa wa kwanza wa mji, mume wangu akanigeukia.

"Ile umefanya ni zambi, mama watoto."

"Zambi ni mikungu kuoza," nikamjibu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini mimi nilikuwa nimemjua, nimemwandika kwa wino, na bado nilijibu hivyo.

Jumatano tulipita kambini asubuhi mbio, tukapakia, tukarudi. Niliwaona kutoka mbali. Ile machela ya kusukwa ilikuwa chini, ukingoni mwa barabara, binti amelala juu yake, na wanaume wanne wamesimama kando pamoja na mama yake. Walikuwa wamemfunika kitenge kipya, sijui walikitoa wapi. Mume wangu akapunguza mwendo.

"Mutu mumoja tu," akasema. "Nafasi iko hapa katikati."

Ilikuwepo kweli. Ningesogea kidogo na kuweka daftari chini, ingetosha.

"Ukimubeba mumoja leo, juma lijalo watakuwa kumi," nikamwambia. "Na askari atataka kujua sisi ni wa hopitali gani. Endesha."

Akaendesha. Katika ndoa yetu yote hakuwahi kunibishia mara mbili, na siku ile niliona kwamba hiyo ni sifa yake. Mama yule aliinua mkono tulipompita. Hakuwa anatusimamisha, alikuwa anatusalimu. Alidhani tunakwenda kugeuza gari mbele.

Juma lililofuata sikutaka kwenda. Lakini mikungu ilikuwa imekwishakatwa, tukaenda. Mbele ya kambi kamba ilikuwa juu, kwa sababu palikuwa na askari mgeni asiyetujua, naye akaenda kumwuliza mkubwa wake. Tukasimama, moteri inakohoa, moshi unaingia ndani. Mama yule akatoka kati ya vibanda peke yake, akaja dirishani kwangu. Mgongoni alikuwa amebeba kitoto kichanga. Nikajua kabla hajasema.

"Musitukasirikie, madamu," akasema. "Siku ile tulisimama mubaya, hamukutuona."

Akanieleza bila kulia. Walibaki barabarani hadi kesho yake, maana wangerudi ndani gari lingewapita tena. Ruhusa ya kumpeleka mjini ilikuwa imekwisha, na askari hawakutoa nyingine. Binti alizalia pale pale ukingoni, Alhamisi, watu wakipita. Damu haikukatika. Hadi jioni alikuwa akiwauliza kama wanasikia moteri.

Mume wangu aliweka paji la uso juu ya usukani. Mimi nilikuwa nangoja matusi. Niliyataka, wallahi, niliyataka kuliko kitu chochote.

"Mumufute mu kitabu," mama akasema. "Isije ikaonekana tunakula chakula ya mutu amekufa. Lakini mutoto, mumuandike."

Nikafungua daftari. Nikatafuta jina lenye mstari chini, nikalipigia mwingine juu yake. Nikauliza mtoto anaitwa nani.

Hakuwa na jina bado. Baba yake alikuwa amechukuliwa tangu masika na hajulikani alipo, na babu hayupo. Mama yule akafikiri kidogo, akamweka mtoto vizuri mgongoni.

"Wewe ndiyo wa kitabu," akasema. "Mupe wewe."

Kamba ikashuka. Lori la nyuma yetu likapiga honi, askari akatupungia mkono tupite. Nikasema jina la kwanza lililonijia mdomoni, nikaliandika. Akalirudia mara mbili ili asilipoteze, kisha akageuza shingo na kumwambia mtoto. Akapiga makofi. Tukaenda kupakia.

Tulilitumia gari lile miaka mitatu mingine, hadi moteri ilipokufa. Daftari nililichoma. Mtoto yule, kama yupo, ni mtu mzima sasa, na anaitwa jina nililompa mimi. Nimejaribu mara nyingi kulikumbuka, na silikumbuki.