Kisu Chepesi, Rungu Zito

Harufu ya omena, dagaa wa ziwa letu, haitoki mikononi kwa sabuni. Inataka ndimu, majivu, na pengine maombi ya kanisa zima. Ndiyo maana Hassan, kijana aliyesimamia saiba ya babake, duka la kompyuta za kulipia kwa saa, kando ya barabara ya kwenda ufuo wa Dunga, aliweka beseni la maji na vipande vya ndimu mlangoni, na hakuna mtoto wa muuza samaki aliyegusa kibodi kabla ya kunuswa vidole. Mimi na pacha wangu Apiyo tulinuswa likizo nzima ya Desemba ile. Ndani mlikuwa na joto la kuivisha ugali bila moto, na feni iliyolia kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kwetu hapo palikuwa Ulaya.

Mchezo wenyewe ulichezwa kwenye mtandao, kila mtu na mhusika wake. Mimi nilikuwa mbeba ngao. Kazi ya mbeba ngao ni kutangulia mbele na kumuudhi adui kwa mapigo, ili hasira zake zote zimwishie yeye na wenzake wa nyuma wasalimike. Apiyo alikuwa mganga: alisimama nyuma yangu akinitibu majeraha huku mimi nikipigwa kama ngoma ya harusi. Adui akichoka kunikasirikia mimi, wa kwanza kumgeukia ni mganga, na mganga hana ngozi ya kuvumilia hata kofi. Kila nilipoketi mbele ya kompyuta ile nilihesabu siku zilizobaki, na si kwa sababu ya mchezo peke yake. Januari Apiyo alikuwa anakwenda shule ya bweni Asembo Bay, nami nabaki Kisumu mjini. Tangu tuzaliwe hatukuwahi kulala chini ya mapaa mawili. Pacha kwetu hupewa sawa kwa sawa. Mama hakuthubutu kununua sweta moja bila ya pili, akiogopa atakayekosa ataugua. Sasa shule zilikuwa zimetugawa bila kuuliza mtu.

Wiki ya mwisho tulikwama kwa jitu moja lenye panga mbili. Nilikuwa na rungu zito, la kupiga polepole: likitua, jitu linatikisika hadi Uganda, likikosa, unangoja karne nzima kabla ya kuliinua tena. Katika karne hiyo jitu lilinisahau, likamgeukia Apiyo, likamlaza. Tukarudi, likamlaza tena. Wachezaji wenzetu walicheka, wakasema mganga wetu anapenda usingizi kuliko wagonjwa. Hassan, aliyekuwa nahodha wetu, hakucheka. Alisema Apiyo akianguka mara nyingine, siku ya mwisho ya likizo atamweka binamu yake wa Milimani kwa matajiri, mwenye kompyuta yake nyumbani. Apiyo aliinamisha kichwa akaanza kukwaruza ndimu kwenye kucha. Siku ile ya mwisho ndiyo iliyokuwa yetu. Baada yake ni kufunga sanduku.

Usiku huo sikula vizuri, na mtu anayenijua atakwambia hilo ni jambo la kuitiwa daktari. Methali zenyewe hazikunisaidia. Moja yasema haraka haraka haina baraka, nyingine yasema chelewa chelewa utapata mwana si wako. Wazee walituachia mabishano, si majibu. Asubuhi, tukilinda omena za mama zilizoanikwa juu ya nyavu, nikaona kitu. Ukirusha jiwe kubwa, ndege wanaruka wote, halafu wanarudi wakati wewe bado unatafuta jiwe jingine. Ukirusha vijiwe vidogo mfululizo, macho yao hayakutoki. Nikamwambia Apiyo nitatumia kisu, silaha nyepesi kuliko zote, ya kupiga upesi upesi. Jitu halitapata nafasi ya kumkumbuka.

Hassan alitikisa kichwa. Ndege hawana panga, alisema. Jitu lile kila likikinga pigo lako, zamu yake ya kupiga inakuja mapema. Mapigo mengi ni kukingwa kwingi, na kukingwa kwingi ni kukatwa kwingi.

"Hiyo kisu itakumaliza, Odongo. Utakatwa kama sukuma wiki."

Nilisikia, nikaogopa, nikakichukua. Rungu lilimhatarisha Apiyo. Kisu kilinihatarisha mimi. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na mimi sikutaka methali hiyo itimie.

Mchana huo jitu halikumtazama Apiyo hata mara moja. Lilinitazama mimi, na lilinikata kwa kasi ambayo sijaona hata kwa mchinjaji wa sikukuu. Uhai wangu ulishuka, Apiyo akaupandisha, ukashuka tena, vidole vyake vikikimbia juu ya kibodi. Dawa zikamwishia. Nikaanguka. Jitu likaanza kumgeukia, na kabla halijamfikia wenzetu wakalimaliza. Saiba nzima ilipiga kelele. Hassan alinipiga mgongoni hadi nikakohoa, akamwambia Apiyo kiti cha siku ya mwisho ni chake. Nikamgeukia pacha wangu nikitaka kusifiwa. Alikuwa analia.

"Usiwahi kunifanyia hivyo tena," alisema. "Unaanguka, unaniacha nimesimama na nani?"

Jumatatu alikwenda.

Siku hizi mtandao wa Kisumu una kasi, simu yangu ina nguvu kuliko saiba yote ya Hassan, na mimi, baada ya masomo yangu ya usiku, naweza kupiga hesabu za mapigo na makingio hadi desimali. Hesabu husema rungu. Nacheza na watu nisiowajua, nabeba rungu, tunashinda. Mara nyingine mganga huanguka, nami nainuka kuchemsha chai, moyo shwari kama ziwa asubuhi. Utulivu huo hunitia hofu kuliko jitu lolote. Mwezi uliopita Apiyo, ambaye sasa anafanya biashara ya samaki huko huko Asembo Bay, alijiunga na kikosi chetu kwa mara ya kwanza. Nilipoona jina lake nyuma yangu sikuikumbuka hata chai. Nikaweka rungu chini, nikatoa kisu. Wageni wale wakaandika kwamba sijui kuchagua silaha. Kisha likaja andiko la Apiyo: "Odongo, rudisha hiyo kisu."

Nikajifanya sijaona.