Honi Tatu Penye Karavati

Siku ile tulikuwa wanne, na majina yote ninayo. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo Shamte, mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Mwanahawa. Alikuwepo fundi Ngwele, ambaye baba yake na marehemu mume wangu walikuwa watani, kwa hiyo na sisi tunataniana mpaka leo. Na alikuwepo Mwajuma binti Selemani, ambaye asubuhi ile hakuna kati yetu aliyekuwa anamjua. Wa tano nitamsema akifika. Msije mkasema bibi amezeeka, anaota mchana. Macho yangu ni mabovu kwa kusoma. Kwa kuona watu ni mazima.

Shamte ameendesha malori ya watu miaka mingi. La kwake la kwanza alilipata kwa kuuza minazi aliyoachiwa na babu yake, yote, hakubakiza hata mmoja wa kufungia mbuzi. Lori lenyewe kuukuu, kichwa cha buluu. Alilinunua Ikwiriri kwa mtu ambaye nduguye, mwenye lori, alikuwa amefariki. Sasa likimharibikia hilo, Shamte hana lori na hana minazi.

Mimi mzaliwa wa Salale. Huko kwetu ni mikoko na maji, chombo chetu mtumbwi. Na mtumbwi mkuukuu hatukuwa tukiuchukua hivi hivi. Aliyeuuza alipanda nawe safari ya kwanza. Anakaa mbele, anakuonyesha unalalia upande gani, unavuja wapi, unataka kupigwa kasia vipi. Akishuka, ndipo unakuwa wako. Basi nikamuuliza Shamte, "Na hili, nani anapanda nawe safari ya kwanza?"

Akacheka. "Bibi, kadi nimeshapewa. Lori si mtumbwi."

"Basi nitapanda mimi."

Ngwele akadakia, "Mpandishe, Shamte. Tukikwama mlimani tutamweka bibi nyuma ya tairi badala ya jiwe."

"Utaniweka mimi? Baba yako alipoona gari mara ya kwanza alipanda mnazi, akashushwa kesho yake!"

Tukaenda Umwe kupakia mpunga wa watu, tuulete mashineni Kibiti. Wenye mpunga ndiyo kwanza wamemwamini Shamte. Gunia la mwisho linapanda, wingu jeusi limesimama upande wa mtoni, na turubai letu lina matundu. Tukaondoka haraka. Kufika penye karavati, lile daraja dogo la kupitishia maji, pale njia ya mashambani inapokaribia barabara kubwa, lori likazima. Halikukohoa, halikutoa moshi. Lilizima kama mtu aliyekumbuka kitu.

Ngwele akafunua injini, akagusa hiki na kile. Betri nzima, mafuta yapo, waya ziko mahali pake. "Ugonjwa siuoni," akasema, na utani wote umemwisha. Shamte alitazama wingu, akatazama magunia ya watu. Wakaondoka kwa miguu kwenda barabara kubwa kutafuta trekta la kutuvuta. Nikabaki peke yangu ndani ya lori. Adhuhuri ilikuwa imepita, alasiri bado.

Mlango wa dereva wa lori lile ulikuwa unalia. Ukiufungua, nyumba ya tatu wanajua umerudi. Niaminini, haukulia. Niliona tu mtu amekaa kwenye usukani, mtu wa makamo, shati la kaki lenye madoa ya grisi, kidole cha shahada kimekatika kwenye kiungo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Wewe nani?"

"Nimechelewa," akasema. "Ilinipasa nipande nanyi tangu mnapakia." Akaupapasa usukani kama unavyompapasa mtoto mwenye homa. "Mwambie kijana gia ya pili asiisukume kwa nguvu. Aisubiri kidogo, itaingia. Na akipakia mpunga, breki aziguse mapema. Lakini hapa, bibi, mbona hampigi honi?"

"Honi ya nini, na njiani hakuna mtu?"

Akanyoosha kile kidole kifupi. Kule shambani lilikuwepo dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo tunachokaa kulinda mpunga usiliwe na ndege. "Mke wangu yumo mle, hali chakula cha mchana mpaka azisikie tatu," akasema. "Akizisikia, anajua nimepita salama. Siku nyingi sasa hajala vizuri."

Nikageuka kulitazama dungu. Nilipogeuka tena, kiti kilikuwa kitupu.

Je, niliogopa? Nitasema kweli, kidogo. Lakini moyo ulitulia. Wewe ungemwogopa mtu aliyekuja kuhangaikia chakula cha mkewe?

Wale wawili wakarudi, trekta hawakupata. Nikawaeleza. Ngwele akasema, "Bibi, hiyo njaa." Nilipotaja kidole, Shamte akakaa chini juu ya karavati.

"Mwenye lori alikatwa kidole na feni ya injini," akasema polepole. "Nduguye aliniambia. Wewe sikukwambia, bibi."

"Basi piga honi!"

Wakatazamana. Honi ya zamani walikuwa wameing'oa jana yake, wakafunga mpya, kwa kuwa ile ililia kama beberu na Shamte aliona haya kuingia nayo Kibiti. Bahati ilikuwa bado imo kwenye mfuko nyuma ya kiti. Ngwele akaifunga tena, matone ya kwanza yanampiga kisogoni. Shamte akapiga. Mara tatu. Beberu kweli!

Juu ya dungu ikainuka kanga nyekundu. Shamte akagusa ufunguo, lori likawaka.

Mwanamke akaja mbio, sahani ya wali mkononi, imefunikwa, haijaguswa. Ndiye Mwajuma. Alipofika mlangoni akamwona Shamte, akasimama.

"Najua Saidi amefariki," akasema. "Eda nimekaa, nimemaliza, nimerudi shamba. Ila tumbo halikubali. Ukifika wakati huu linasikiliza njia."

Shamte akashuka, akamshika mkono. "Shikamoo, mama. Nitapiga kila nikipita. Lori hili na honi yake."

Akala pale pale, amesimama, wali umepoa, analia na kutafuna. Akatugawia tonge moja moja. Ngwele, mtu wa maneno mengi, alipokea kwa mikono miwili.

Mvua ilitufuata mpaka Kibiti, ikamwagika gunia la mwisho likiwa limeshaingia mashineni.

Yule mtu hajanitokea tena. Lori bado linatembea, na Shamte bado anapiga tatu pale, hata akiwa na abiria wa kumcheka. Mwajuma huja kwangu kila Idi. Na ule mlango, tangu siku ile, haulii. Ngwele anaapa hajautia mafuta hata tone.

Nanyi mnaonunua magari ya watu, hasa ya marehemu, msiridhike na kadi. Nendeni nyumbani alikotoka, mkae, muwaulize mjane na watoto gari lilikuwa linafanya nini kila siku. Msing'oe kitu kabla ya kuuliza.

Kama nimekosea mahali, mliomjua Saidi Mbonde nisahihisheni. Mwajuma anasema kidole kilichokatika ni cha mkono wa kulia. Mimi namwona bado, ni wa kushoto. Huenda nimesahau. Ila habari ya wali uliopoa msinisahihishe. Nilikula tonge mimi mwenyewe.