Siku Mashini ya Baba Ilipokataa Kuwaka

Nina kibanda cha kuchaji simu hapa Kindu, karibu na soko, na grupu, jenereta ndogo ya esanse, yaani petroli, ndiyo inayonipa umeme. Mwezi uliopita ilizimika ghafla. Haikukohoa wala kutoa moshi, ilinyamaza tu, na simu za watu zikabaki kwenye nyaya. Nilivuta kamba mpaka bega likaniuma. Nikaangalia esanse, ipo zaidi ya nusu tangi. Nikaangalia mafuta ya injini, yapo. Nikafungua buji, ile plagi ya cheche, nikaipangusa kwa kitambaa, nikairudisha, nikavuta tena. Kimya.

Nikamwita fundi. Ni mzee sasa, na ametengeneza mota za mitumbwi inayokwenda Lokandu na mashini za kukoboa mpunga tangu mimi sijazaliwa. Sikio lake la kushoto halisikii. Watu wa rika langu wote wanajua kwamba alipigwa wakati wa vita. Mimi najua zaidi, kwa sababu alipigwa uani kwetu, nikiwa nimesimama mlangoni.

Hakugusa buji. Alizungusha kifuniko cha tangi polepole, na kabla hakijatoka nikasikia hewa ikiingia, fsss, kama mtu anayevuta pumzi baada ya kupiga mbizi. Akakigeuza, akaniwekea mkononi. Kina kitundu cha kupitisha hewa, na nyigu alikuwa amekijaza udongo.

"Hewa isipoingia, esanse haishuki," akasema. "Mashini inatembea kidogo, inakufa. Hata ukivuta kamba mpaka kesho, haiwaki."

Akakizibua kwa waya mwembamba, akangoja kidogo, akavuta kamba mara mbili. Grupu ikawaka. Halafu, akipangusa vidole, akasema kama mtu anayezungumzia mvua:

"Huu njo ugonjwa ule ule wa mashini ya baba yako. Lakini ile haikuwa nyigu. Ilikuwa sabuni."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikaizima grupu iliyokuwa ndiyo kwanza imewaka, na wateja wakaanza kunung'unika. Nilivuta kigoda, nikaketi upande wake wa kulia.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Treni ilikuwa haiji tena, na mpunga wa Kibombo uliingia mjini juu ya baiskeli. Baba alikuwa na mashini ya kukoboa, na wanawake walipanga mabeseni yao uani tangu alfajiri. Asubuhi moja walikuja watu wenye silaha, wale waliokuwa wameshika mtaa wetu, na magunia ya mpunga ambayo hatukuthubutu kuuliza yametoka wapi. Wanawake wakaondoka mmoja mmoja, wakaacha mabeseni. Mkubwa wao akamwambia baba akoboe magunia yale, kisha mashini ipakiwe kwenye lori, na yeye mwenyewe apande, akawafanyie kazi huko msituni, upande wa Pangi.

Tulikwisha kuona wanaume waliochukuliwa namna hiyo. Hakuna aliyerudi mtaani kwetu.

Baba akasema, "Sawa, shefu. Ngoja ninawe, halafu niijaze esanse." Akanawa, akajaza tangi, akavuta kamba. Mashini ikanguruma kama siku zote. Gunia la kwanza lilikuwa halijafika nusu ilipozimika. Nilikuwa nimezoea mlio ule kiasi kwamba kimya chake kilinishtua kama kishindo. Nilisikia punje za mwisho zikidondoka kwenye beseni.

Baba akavuta kamba. Mkubwa wao akamsukuma, akavuta mwenyewe mpaka jasho likamtoka. Mashini haikujibu. Wakaenda mtoni kumleta fundi.

Namkumbuka alivyopiga magoti. Alifungua kifuniko cha tangi, akachungulia, akakifunga. Akatoa buji, akawaonyesha cheche. Ikabaki karbireta, na hiyo akaifungua skrubu moja baada ya nyingine, akazipanga juu ya kipande cha gunia. Jua lilipanda. Alipomaliza kuirudisha, mashini bado haikuwaka. Mmoja wa wale vijana wenye silaha akasema huyu anatuchezea, akampiga kitako cha bunduki kichwani, mara moja, kisha tena. Fundi akaanguka kati ya mabeseni. Damu ilimtoka sikioni.

Baba akasimama. Akafumbua mdomo. Fundi, akiwa bado chini, akamwambia, "Baba, tafadhali, niletee maji." Baba akasita, akaingia ndani kuchota maji. Mkubwa wao akaipiga mashini teke, akasema hawawezi kubeba chuma kilichokufa. Wakapakia mpunga wao ukiwa bado na maganda yake, wakaondoka. Mashini ikabaki. Baba akabaki.

Siku chache baadaye ikawaka. Baba alituambia kwamba esanse ilikuwa na maji, na kwa miaka yote hii sikuwahi kulitilia shaka neno lake.

"Ni baba aliyeweka sabuni?" nikamwuliza fundi.

"Nani mwingine? Nilifungua nione kama esanse iko. Kifuniko kikavuta hewa, kama hiki chako. Kwa ndani nikaona sabuni kwenye kitundu, imebonyezwa na ukucha. Nikamwangalia baba yako. Akaangalia chini."

"Ukafahamu?"

"Nikafahamu. Lakini hewa imekwisha kuingia. Ningevuta kamba, ingewaka. Basi nikafunga robine ya esanse isishuke tena, nikaikinga kwa mwili wangu wasione, nikaanza kufungua skrubu."

Nilimtazama. Mtu mmoja alikuwa amezima mashini, na wa pili akaizima tena kwa mikono yake, mbele ya bunduki, bila wao kusemezana neno.

"Ulijua watakupiga," nikasema.

"Nilijua watakasirika. Hili la sikio sikulijua."

"Na baba akakaa akitazama?"

Nilisema kwa hasira, na yeye akaisikia. Akatikisa kichwa.

"Hapana, mwanangu. Ulimwona akisimama? Alitaka kusema ni yeye. Angesema, tungekufa wawili. Ndiyo nikamtuma maji. Sikuwa na kiu."

Nikakumbuka kwamba kila mavuno baba alikoboa mpunga wa fundi kabla ya wa mtu yeyote, akaubeba begani mwenyewe mpaka kwake, na hakukubali tumsaidie. Nikakumbuka kwamba siku ya maziko ya baba, fundi ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Nilidhani ni ujirani.

"Mliwahi kuzungumza habari hii?"

"Tungesema nini? Yeye aliniona, nami nilimwona." Akafunga funguo zake ndani ya kitambaa. "Nilidhani wewe alikuambia."

Mtu akauliza kama simu yake iko tayari. Nikaiwasha grupu, lakini nikampa simu isiyo yake.

Jumapili nilichukua wanangu, nikaenda nao kwa fundi, nikamwomba awasimulie. Akasimulia vizuri, habari ya sabuni, ya robine, ya karbireta, akawachekesha kwa namna mkubwa wa wale watu alivyovuta kamba. Kipigo akataka kukiruka. Alipofika pale, nilimkatiza kwa adabu nikasimulia mimi, nikasimulia chote, na yeye akatazama mikono yake.

Binti yangu mdogo akamwuliza kama sikio bado linamuuma. Hakumsikia. Akageuza kichwa, akamwinamia. "Sema tena, mama. Kwa upande huu."