Viza ya Wawira Ilipofutwa

Nakumbuka asubuhi moja huko Uarabuni, nikiwa msichana wa umri wako, basi la kazini halikuja kutuchukua. Tulikuwa wanawake wasafishaji wa ofisi, tukilala chumba kimoja. Tulingoja nje mpaka jua likawa kali, kisha tukatembea hadi ofisi ya kampuni. Mlango ulikuwa na kufuli. Kwa kioo tuliona meza zimeondolewa na simu imelala sakafuni. Mlinzi akatuambia tajiri amefilisika na ameondoka nchini, na yeye mwenyewe bado anangoja mshahara wake.

Mwanangu, jana uliponipigia simu ukaniambia huko ulikoenda kufanya kazi nako ofisi ya kampuni yenu imefungwa hivyo hivyo, ukacheka ukasema sasa uko huru, mimi shangazi yako sikucheka. Nilikaa jikoni mpaka githeri ikaungua. Nimeamua kukuandikia, maana kwa simu una haraka kama pikapu za miraa za Maua.

Kitanda cha juu yangu alilala rafiki yangu Wawira, msichana wa Kanja, upande wa Embu. Alikuwa na sauti ya kwaya, na akikunja shuka alikuwa akiimba. Majirani na kanisa lao walifanya harambee ili asafiri, na mama yake akauza ng'ombe wa maziwa. Alitaja ng'ombe huyo kila siku, kwa jina.

Mkubwa wetu alikuwa Mama Kendi, mwanamke wa Maua aliyekaa nchi hiyo miaka mingi, mkali kama pilipili. Jioni hiyo alituketisha akatueleza kwamba viza zetu ziliandikwa kwa jina la kampuni, na kampuni kufungwa hakufuti kitu. Twende ofisi ya kazi, tuseme tajiri ametoweka, viza zifutwe. Baada ya hapo mtu atafute mwajiri mwingine kwa njia ya wazi au arudi nyumbani. Atakayeingia kazi nyingine kimyakimya ataandikwa mtoro, na mtoro huko hana pa kulalamikia.

Nilikuwa na mdomo, mwanangu, usione nimezeeka. Kwetu Mikinduri mwenye duka akifunga duka, wewe unakung'uta sketi unaenda zako. Nikamwambia, "Kampuni imekufa, Mama. Nani atatuuliza?"

Akanitazama mpaka nikainamisha uso. "Mwenye mbuzi akikufa, mbuzi anabaki amefungwa. Kamba haijui kuna matanga. Lazima mtu aende aifungue."

Nilimfuata nikinung'unika. Wawira hakumfuata. Alikuwa amesikia kuna nyumba inayotaka msichana wa kazi bila kuuliza mengi. Nilimsihi asiende, pale kwenye ngazi, begi lake likiwa begani.

"Watu wa Kanja walinichangia," akasema. "Mama aliuza ng'ombe. Nikirudi hivi nitawaambia nini? Mkono mtupu haulambwi."

Aibu hiyo hata mimi nilikuwa nayo. Nilimsindikiza mpaka kituoni.

Ile ofisi ya kazi ilitutesa. Tulirudishwa asubuhi baada ya asubuhi, tukiambiwa tumlete mwajiri, na Mama Kendi akijibu kwamba mwajiri ndiye tuliyekuja kumshtaki kwa kupotea. Mwishowe afisa mmoja alithibitisha kwamba kweli kampuni haipo, akafuta viza zetu na kutupa muda wa kujipanga. Mama Kendi alipata mwajiri mpya. Mimi sikupata, nikarudi Mikinduri na begi lile lile nililoondoka nalo. Wanawake wa sokoni waliniuliza masanduku mengine yanakuja na ndege gani. Nilishika jembe shambani kwa baba na kulia huku nikipalilia mahindi, na siku nyingine nilimlaani Mama Kendi waziwazi.

Wawira alikuwa akinipigia Jumapili, akinong'ona. Alikuwa ameandikwa mtoro, na wenye nyumba walijua. Mtu akijua huwezi kutoka, mwanangu, hana haja ya kukutendea vyema. Kisha alianza kukohoa. Nilimwambia aende hospitali, akasema hospitali wanataka kipande cha ukaazi, na kipande chake kilikufa na kampuni. "Nikienda watanishika," akasema. Kila Jumapili kikohozi kilikuwa kirefu zaidi na maneno yalikuwa machache, mpaka Jumapili moja simu haikuja.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Laiti ingekuwa guu. Wawira alikufa kwa kifua, ugonjwa wa kutibika, katika mji uliojaa madaktari.

Nilikwenda Kanja kukaa na mama yake. Hawakuchimba kaburi, maana maiti haikuja. Nyumba ile iliyomtumikisha Wawira ilikana kumjua, na serikali ya huko ikasema marehemu hawezi kutoka nchini kabla viza yake haijafutwa. Mama Kendi aliomba ruhusa kazini akaanza kuzunguka maofisini. Siku moja alinipigia.

"Niko ofisi ya kazi, kwa ile benchi tuliketi na wewe," akasema. "Nimekuja kumfungulia."

Viza ilifutwa, mwanangu. Maharagwe yaliyokuwa yakipandwa tulipopata habari yalikuwa yamevunwa sanduku lilipofika Kanja. Majirani wale wale waliochanga aende ndio waliochanga arudi. Baada ya mazishi mama yake alinishika mkono, akauliza kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Mimi nilikuwa nangoja mtoto. Nani alimwambia nangoja kitu kingine?"

Sasa nisikie. Kesho nenda ofisi ya kazi, usiende peke yako, beba pasipoti na mkataba. Sema kampuni imefungwa, omba viza ifutwe. Wakikurudisha, rudi tena. Ukishindwa, nenda ubalozi wetu ukakae mlangoni. Ajenti aliyekupeleka huko akikwambia ungoje, usimngoje. Usiingie nyumba ya mtu kufanya kazi kabla hujafunguliwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi niko mbali, kwa hiyo hii kazi ni ya miguu yako.

Na ukirudi mikono mitupu, njoo nayo. Ni kweli mkono mtupu haulambwi, lakini mkono huo utashika jembe, na siku moja utanizika mimi, badala ya mimi kukuzika wewe.

Mungu akupe afisa mwenye huruma na wenzako wasiokuacha. Akufungulie kila kamba ukiwa hai. Nami nitaacha lango wazi, hata ukifika usiku mvua ikinyesha.