Bibi Harusi wa Barafu

Vicky wa Mangobo hakuwa ameolewa, na asubuhi ile aliposhuka kwenye pirogue, mtumbwi wa gogo, huku matope yamemfika magotini, hakuwa na mpango wowote wa kuolewa. Alikuwa na jambo moja tu kichwani: kuwachanja watoto wa kijiji cha Yalimboko dhidi ya surua kabla barafu haijaisha kwenye sanduku lake.

Lakini kwanza mjue mtu mwenyewe. Vicky ni mtoto wa Kisangani, binti wa mwendesha toleka, zile baiskeli zinazobeba abiria mjini, na ukaidi wa baba yake wa kupita kwenye tope na mama mmoja, mbuzi mmoja na gunia la mihogo aliurithi wote bila kubakiza. Alisomea uuguzi. Wenzake waliomba kazi kwenye hospitali zenye feni; yeye akaomba mto. Miaka tisa sasa anashuka mto Kongo na glacière yake ya buluu, lile sanduku la kutunzia chanjo kwenye baridi, akicheka kwa sauti hadi watu wa ng'ambo wanauliza kuna nini. Mama yake alichoka kumngojea mkwe.

"Vicky, utaolewa na hiyo glacière?"

"Mama, huyu angalau hanipigii kelele!"

Safari hii ilikwenda mrama tangu mwanzo. Motor ilizimika karibu na Yanonge. Glodi, mwenye pirogue, aliifungua, akaifunga, akaibembeleza, akaitukana, na siku nzima ikapotea hivyo. Walipofika Yalimboko, barafu ya Kisangani ilikuwa imebaki vipande vidogo vinavyoelea. Ingeshika hadi alasiri. Baada ya hapo, dozi mia na ishirini zingekuwa za kutupa.

Na kijijini hapakuwa na watu! Kwenye ukingo alisimama Sadrack peke yake, muuguzi wa kituo kidogo cha afya, na kuku mmoja aliyekuwa akimzungukazunguka.

"Sadrack, batu wako wapi?"

"Tantine, shangazi yangu, maji imekauka. Bote bako ku visiwa, ku nganda. Samaki iko mingi."

Nganda ni kambi za uvuvi. Maji ya mto yakipungua, familia nzima huhamia huko na vyungu vyao, mbwa wao na watoto wao, na kuzunguka kisiwa baada ya kisiwa kungechukua siku tatu.

"Hamukupata barua yangu ya kutangaza siku?"

"Barua gani?"

Vicky akafungua mkoba. Barua ilikuwa humo. Ilisafiri pamoja naye kwenye pirogue ileile, maana nani mwingine angeileta? Simu haishiki huko. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaangalia jua na kicheko kikamkauka mdomoni.

Wakaenda kwa Papa Benoît, mpiga lokole, mzee asiyehama tena na wavuvi. Lokole ni gogo lililochimbwa ndani, lenye mdomo mwembamba kwa juu na sauti mbili, ya kiume na ya kike, na kwa watu wa mto huu linasema, halipigi kelele tu. Sauti yake inavuka maji hadi visiwani. Kila mtu wa Yalimboko ana jina lake la lokole, jina refu lenye sifa na utani ndani. Vicky aliwahi kuomba lake, akajibiwa kwamba jina la lokole haliombwi, linangoja kazi.

"Papa, ita batu baje na batoto. Chanjo itaharibika leo."

"Niseme nini? Sindano?" Mzee akatema mate pembeni. "Ile mara ya mwisho nilipiga sindano, wakakuja batu wawili. Mumoja alikuja kuomba chumvi."

"Papa, nakuomba!"

Papa Benoît akaitazama glacière. Akalitazama jua. Akachukua fimbo zake mbili na kuanza kupiga. Alipiga kwa muda mrefu, mabega yakicheza, na Vicky akaona kinywa cha Sadrack kikifunguka polepole.

"Anasema nini?"

"Tantine..." Sadrack akakohoa. "Anasema bibi harusi amefika kutoka mjini. Baje bote. Balete batoto bote, na babavalishe vizuri."

"Bibi harusi gani?"

Sadrack akamwangalia kuanzia kichwani hadi kwenye matope ya magoti.

"Yesu wangu!" akasema Vicky.

Haikupita saa moja, mto ukajaa. Jamani, pirogue ishirini! Wanawake wakipiga makasia na vigelegele kwa wakati mmoja, wanaume wamevaa mashati ya Jumapili yenye harufu ya moshi wa samaki, vichanga wamepakwa mafuta wanang'aa, wasichana na riboni, wavulana na viatu ambavyo havikuwa saizi yao. Chikwanga, ile mikate ya mihogo, zilishuka, samaki wakashuka, madumu ya lotoko, pombe kali ya kienyeji, yakashuka kwa heshima zote. Mama Georgette, mama mnene ambaye hata padre humwogopa, akamshika Vicky mikono, akamzungusha mara mbili na kutangaza, "Kiuno iko! Huyu atazaa mapasa, bawili-bawili!" Watu wakashangilia. Mtu akamvika Vicky kitenge. Mwingine akampaka unga kwenye mashavu. Naye alikuwa akicheka mpaka machozi, maana ungefanya nini, huku jicho moja liko kwenye ile glacière.

"Na bwana iko wapi?" akauliza Mama Georgette.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Vicky angeweza kusema bwana yuko njiani. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na akina mama wangekaa kumngojea bwana huyo hadi magharibi. Alifungua glacière, akaona vipande vya barafu vimebaki kama madonge ya sukari, akapanda juu ya pirogue iliyopinduliwa mchangani.

"Bamama, bapapa, hakuna bwana. Bwana wangu ni hii glacière. Nimekuja kuchanja batoto dhidi ya surua, na nisipoanza sasa hivi, dawa itakufa."

Zogo!

Mmoja alilia nyavu zake alizoziacha majini. Mwingine alisema hajawahi kuvaa viatu bure maishani. Lakini kilichowachoma zaidi ni lokole. Tangu babu wa babu, lokole ya Yalimboko haikuwahi kudanganya. Ikisema mtu amekufa, amekufa. Ikisema mto unajaa, watu wanahamisha kuku. Sasa Papa Benoît ameiaibisha mbele ya visiwa vyote! Baadhi ya wanaume walikwisha shika makasia waondoke na watoto wao.

Papa Benoît akaja katikati, fimbo zake bado mkononi.

"Mwaka jana surua ilikuja," alisema. "Nilipiga hii lokole mara saba, kulilia batoto saba. Wa tano alikuwa Merdi, mujukuu wangu. Mara saba nilisema kweli. Leo nimesema bongo, nimedanganya, mara moja. Nani anataka kunipiga, apite mbele."

Hakuna aliyepita. Mtu akarudisha kasia ndani ya pirogue taratibu.

"Bon," akasema Mama Georgette. Akamnyanyua mjukuu wake mdogo, akampandisha mkono wa shati hadi begani. "Tantine, anza na huyu. Lakini sisi tulikuja kuimba harusi, na tutaimba."

Wakaimba! Kila sindano ikapigiwa vigelegele. Mtoto akifungua kinywa kulia, akina mama hamsini wanamwimbia kama bwana harusi, naye anasahau alikuwa anataka kulia nini. Sadrack alijaza kadi kwa jasho. Mke wake, Chimène, alitia wino wa alama ya chanjo kwenye kucha ndogo, kucha baada ya kucha. Glodi alikimbia na mwavuli kuikinga glacière na jua, akifuata kivuli kama padre anayefuata sakramenti. Vicky aliangalia kipimajoto: digrii tano. Sita. Kikifika nane angelazimika kuacha. Mtoto wa mia na sita, wa mwisho, alichanjwa kipimo kikisoma saba, na ndani ya glacière barafu yote ilikuwa maji.

Vicky akakaa chini kwenye mchanga na kitenge chake cha harusi, akacheka kama mwendawazimu.

"Bado hatujamaliza," akasema Mama Georgette. "Lokole ilisema kuna harusi. Leo haitalala ikiwa mwongo."

Akageuza macho polepole, na macho yakamwangukia Sadrack. Sadrack na Chimène, binti yake Mama Georgette, walikuwa wakiishi yaka tofanda, yaani njoo tukae tu, miaka sita na watoto watatu, bila sherehe. Mwaka mmoja ilikuwa mvua, mwaka mwingine msiba, mwaka mwingine Sadrack alikuwa na ripoti.

"Mama, leo niko na kazi..." akaanza Sadrack.

"Kazi imeisha!" Chimène akapiga kelele, akafunga chupa ya wino. "Miaka sita! Mimi nakwenda kuoga!"

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Vicky akavua kitenge, akamvika Chimène, unga wa mashavuni wakagawana, na Sadrack akaoa akiwa na koti lake jeupe la kazi, wino wa zambarau mikononi. Vicky alicheza hadi kiatu kimoja kikapotea. Papa Benoît akapiga tena lokole, kwa kweli safari hii, na visiwani mbwa waliobaki peke yao wakaitikia.

Kisangani, kwenye fomu ya ripoti, palikuwa na swali: jamii ilihamasishwa kwa njia gani? Vicky akaandika: Harusi. Mkuu wake alimwita aeleze, na alipoeleza, mkuu alilazimika kuvua miwani afute macho.

Vicky akarudi Yalimboko mara nyingi. Mwaka ukazunguka, maji yakakauka tena, naye akashuka na glacière yake, barua ya kutangaza siku ikiwa mkobani kama kawaida. Kabla pirogue haijapinda kona ya mwisho, lokole ikalia.

"Uwii! Nani anaolewa tena?"

Glodi, mtoto wa mto, akazima motor ili asikie vizuri.

"Hapana, Tantine. Anakuita wewe. Ni jina lako."

"Jina langu? Linasemaje?"

Glodi akasikiliza hadi mwisho, kwa sababu lilikuwa refu.

"'Bibi harusi wa barafu, bwana wake iko ndani ya sanduku, mwaka wake lokole haikulilia mutoto.'"

Vicky, ambaye kicheko chake kinavuka mto, aliketi juu ya glacière akalia. Na kutoka visiwani pirogue zilikwisha anza kuja, watoto wamevalishwa vizuri.