Sahro na Kaseti ya "Mlima Upo"

Kwa miaka kumi na mmoja Sahro Hersi alishona sare za shule mjini Isiolo, na kwa miaka yote hiyo mguu wake ulifuata mwendo wa bendi moja. Bendi yenyewe iliitwa Vumbi Jekundu. Ilikuwa ya vijana wanne wa Nanyuki waliopiga muziki wa roki kwa Kiswahili, magitaa yao ya umeme yakinguruma kama lori linalopanda mlima kwa gia ya kwanza. Wimbo ukienda kasi, kanyagio la cherehani nalo lilikwenda kasi, na suruali za Darasa la Tatu zikapata mshono mrefu ulionyooka. Wateja walimjua. Mama mmoja wa mtaa wa Bulla Pesa alizoea kusimama kwanza kando ya barabara, asikilize, kisha amwambie mwenzake, "Leo usimpe vifungo. Leo anapiga kaseti ya kwanza. Mpe mapindo."

Babu yake Sahro alikuwa Msomali aliyepigana katika vita vya Wazungu, akapewa ruhusa ya kukaa Isiolo na mifugo yake. Baba yake aliendesha lori, na kaka yake Gedi akalirithi. Sahro alikuwa na miaka kumi na saba mwaka 1973, Vumbi Jekundu walipokuja kupiga mjini. Mama yake alimkataza kwenda uwanjani. Hakwenda. Alipanda juu ya lori la Gedi lililoegeshwa nje ya ua, akaketi juu ya magunia ya mahindi mchana kutwa, akasikiliza. "Mama alisema nisiingie," alinieleza miaka mingi baadaye. "Sikuingia."

Kibanda chake kilikuwa na mashabiki watatu wengine wa kudumu. Arero Golicha alikuwa Mborana, mfanyabiashara wa mbuzi. Mwalimu Denge alizaliwa Kulamawe na kufundisha hesabu mjini. Emuria, Mturkana, alitengeneza baiskeli upande wa pili wa barabara, na akisikia gitaa huvuka akiwa bado ameshika spana. Kila Jumamosi alasiri walikutana kwa Sahro. Mwadhini akianza, Sahro huzima redio kaseti, Arero na Mwalimu huenda kuswali, Emuria hulinda vitambaa.

Kila mwaka wanne hao waliiandikia bendi barua moja. Barua hiyo ilikuwa na kanuni yake, ambayo Arero aliitoa katika mikutano ya wazee wake: hakuna kupiga kura. Kila mmoja anasema, na wengine wanasikiliza hadi amalize. Anayekubali anajibu "hayye". Asiyekubali hahesabiwi kuwa ameshindwa, anangojwa. Mpaka wote wanne waseme hayye, barua haiendi posta. Mwaka 1976 bendi iliwajibu kwa picha yenye sahihi nne, na picha hiyo ilining'inia juu ya cherehani ndani ya fremu ya kioo kilichovunjika zamani.

Baadaye Vumbi Jekundu walinyamaza miaka sita. Watu wakasema wameachana, wengine wakasema mpiga ngoma ameokoka. Ndipo mwishoni mwa mwaka 1984, Gedi akiwa Nairobi kupakia mizigo, akaona kaseti mpya dukani, *Mlima Upo*, akamnunulia dada yake. Shida ni kwamba Gedi naye alikuwa shabiki. Alimwachia kaseti asubuhi moja tu, kwa sharti kwamba adhuhuri yeye mwenyewe ataondoka nayo kuelekea Moyale.

Sahro hakupoteza dakika. Aliazima redio kaseti ya Mwalimu, akaiweka uso kwa uso na yake juu ya meza ya kukatia, akafukuza wateja na kuku. Kibandani hapakuwa na umeme. Alikuwa na betri mpya za mashine moja tu, akazitia kwenye ile inayorekodi, maana ndiyo yenye kazi. Ile ya kupiga aliitia betri za zamani, ambazo tangu alfajiri zilikuwa zimeanikwa juu ya bati zipate jua, kama tulivyofanya sote siku hizo ili zirudishe nguvu. Hakukaa kusikiliza, alisimama mlangoni kuzuia kelele za barabarani. Kabla ya adhuhuri alikuwa na nakala yake, Gedi akaondoka na kaseti, na lori likavunjika gia huko Moyale. Hakurudi kwa majuma matano.

Jumamosi ya kwanza ya Januari wanne hao walisikiliza *Mlima Upo* pande zote mbili. Ilipokwisha, Emuria alikuwa wa kwanza kusema.

"Mimi nilidhani kuna ng'ombe anazaa hapo nyuma."

"Ni sauti ile ile ya mwimbaji wao," Sahro alisema.

"Ile ile? Dada, ile sauti imeshuka mpaka kwa magoti. Na gitaa linaburura miguu. Hawa watu wanataka kulala!"

Mwalimu Denge alikohoa kidogo, kama alivyofanya kabla ya kusahihisha mtoto. "Bendi ikikaa kimya miaka sita, lazima itarudi na kitu. Nilitarajia kitu. Hapa sikuona."

"Hukuona kwa sababu unatafuta kaseti ya kwanza," alisema Sahro. "Hawa si vijana tena. Ule wimbo wa tatu, umesikia jinsi anavyongoja kabla ya kutaja jina la mama yake? Mtu wa miaka ishirini hajui kungoja hivyo. Tangu nianze kuwasikia, hii ndiyo bora."

Watatu hao walicheka kwa pamoja. Sahro hakucheka.

Arero ndiye aliyepinga kwa uchungu zaidi, na haikuwa mzaha. Mwaka uliokwisha ulikuwa wa ukame mkubwa. Upande wa Kinna alikuwa na ng'ombe thelathini na wawili. Alibaki na wanne. "Sahro, dada yangu," alisema Jumamosi ya pili, "mimi nimeona vitu vya polepole vya kutosha. Ng'ombe wangu walikufa polepole. Nilikuja hapa nipate kitu cha kunisimamisha. Watu hawa waliniinua mwaka sabini na tatu, na leo wananiambia nilale chini."

"Na mimi mwaka jana nilishona nini?" Sahro alimuuliza. "Nilipunguza sare, Arero. Mama analeta suruali ya mwaka juzi, anasema ipunguze kiuno, mtoto amekonda. Ukipiga muziki wa kukimbia mbele ya kazi kama hiyo, ni kama unamcheka. Wimbo huu wa tatu ulikaa na mimi. Haukunihimiza."

Hakuna kati yao aliyebadili maneno.

Jumamosi hiyo hiyo Mwalimu alitoa karatasi ya fulskepu na kuandika rasimu kwa mwandiko wake mzuri. "Ndugu zetu," ilianza, "mmetufanyia kazi njema tangu tukiwa vijana. Kwa heshima tunawaomba sasa mpumzike, ili jina lenu libaki juu." Arero akasema hayye. Emuria akasema hayye. Mwalimu akatia sahihi ya kwanza, wenzake wakafuata, karatasi ikasogezwa mbele ya cherehani.

"Bado," alisema Sahro.

"Tutangoja," alisema Arero.

"Mngoje mpaka mvua nyingine. Siwezi kumwambia mtu aache kazi yake siku aliyoifanya vizuri kuliko siku zote."

Hilo ndilo jambo alilolisimamia. Kwa wengine ilikuwa barua tu. Kwa Sahro, wanaume wanne wa Nanyuki wangefungua bahasha yenye muhuri wa Isiolo, mji uliowapenda zaidi, na ndani yake waambiwe waende nyumbani. Na jina lake liwemo! Rasimu aliilaza chini ya mkasi, na hapo ikakaa. Jumamosi ya tatu Mwalimu alimletea hoja sita, akazijibu zote sita huku akitia uzi kwenye sindano. Jumamosi ya nne Emuria aliiga uimbaji ule kwa sauti nzito, akitembea kama mzee mwenye fimbo, mpaka watu wa duka la jirani wakatoka nje kumtazama. Sahro alingoja amalize. "Umeimba vizuri," alimwambia. "Umeanza kuupenda." Katikati ya juma alikuwa akiipiga kaseti peke yake, akishona kola, na alizoea mwendo wake hata kola zake za msimu ule zikawa na mshono mdogo, wa subira, ambao mafundi wenzake waliusifu.

Jumamosi ya tano lori la Gedi liliegeshwa mbele ya kibanda, jekundu kwa vumbi la kaskazini. Gedi alishuka na ndevu za majuma matano.

"Salaam aleikum. Mbona mmekaa kama matanga?"

"Waaleikum salaam," alisema Arero. "Ndiyo, ni matanga. Sikiliza mwenyewe bendi yako."

Sahro alikuwa ameweka wimbo wa tatu. Gedi alisikiliza mistari miwili, akageuza kichwa kama mtu anayesikia kelele mbaya kwenye injini.

"Nani amewafanya hivi hawa? Wamelewa?"

"Ni *Mlima Upo*," alisema Sahro. "Ni kaseti yako."

"Wallahi, hiyo si kaseti yangu. Mimi nimeendesha na kaseti yangu kutoka Moyale mpaka kwenye kizuizi cha barabarani hapa Isiolo, naijua kuliko watoto wangu. Njooni."

Walisongamana penye milango ya lori, wawili ndani, watatu nje. Gedi akawasha. Redio kaseti ya lori ilikula umeme wa betri kubwa ya gari, haikuwa na upungufu wowote. Gitaa likaruka. Sauti ya mwimbaji ikapanda mahali pake pa zamani, nyembamba na kali, na ngoma ikaja nyuma yake mbio. Ulikuwa wimbo ule ule, neno kwa neno. Emuria aliachia mlango akaanza kucheza barabarani na spana mkononi. Arero aliweka kiganja juu ya bati la lori akasimama hivyo, machozi yakimlengalenga.

Sahro alikuwa ameketi ndani, karibu na gia. Alitazama mikono yake.

"Betri," alisema.

"Betri gani?" aliuliza Mwalimu.

"Zile za juani. Nilizitia kwenye mashine ya kupiga. Ilikuwa inazunguka polepole nami nikarekodi hivyo hivyo. Ni mimi."

Emuria akapiga yowe. "Majuma matano tunagombana na betri! Mwalimu, chukua ile barua, badilisha jina. Andika: Ndugu yetu Betri, umetufanyia kazi njema, sasa pumzika!" Hata Arero alicheka hadi akashika mbavu, na Sahro alicheka pia, ingawa aliacha mapema kuliko wengine.

Mwalimu, mtu wa kumaliza mambo, alitoa fulskepu nyingine hapo hapo, akaiweka juu ya boneti. Tuwaandikie pongezi, alisema. Arero hayye. Emuria hayye. Hata Gedi, ambaye hakuwa na sauti katika barua, akasema hayye.

"Bado," alisema Sahro.

"Ala! Dada, umeshinda!" Arero alimwambia. "Ulisema ni bora, nasi tunasema ni bora. Unataka nini tena?"

Sahro alishuka kwenye lori kwanza, maana alitaka kusema akiwa amesimama. "Sikushinda. Mimi nilitetea kitu ambacho hawakukipiga. Ninyi mlitaka kuwafukuza kazini kwa kitu ambacho hawakukipiga. Leo ni mara ya kwanza tunawasikia, na tunataka kuandika kabla upande wa pili haujaisha? Nipeni juma moja. Na barua ikienda, iseme yote. Betri, rasimu, yote."

"Utatuaibisha mpaka Nanyuki," alisema Mwalimu.

"Basi tuaibike. Aliyekosea ni mimi, nitaandika sehemu hiyo kwa mkono wangu."

Walimngoja, kwa sababu kanuni ilikuwa kungoja. Gedi alimwachia kaseti, safari hii bila sharti. Juma hilo lote Sahro aliisikiliza kwa betri mpya, na mishono yake ikaanza kukimbia tena. Hakupenda kila kitu. Wimbo wa tano aliuona wa haraka kupita maana yake. Wa kwanza ulimfanya asimame na kuacha kazi. Wa tatu aliusikiliza mara nyingi, akijaribu kuwa mwadilifu, na mwisho wa juma aliwaambia wenzake waziwazi kwamba kwa masikio yake ule wa betri bado ulikuwa mzuri zaidi.

"Huyu mwanamke!" alisema Arero.

"Weka hilo pia kwenye barua," alisema Sahro.

Likawekwa. Barua ya mwaka 1985 ilikuwa ndefu kuliko zote, kurasa tatu. Mwalimu aliandika pongezi. Arero aliomba neno moja liongezwe juu ya ng'ombe wake wanne waliobaki. Sahro akaeleza habari ya betri na bati, pasipo kujificha nyuma ya neno lolote, akawauliza kama wangeweza siku moja kuupiga wimbo wa tatu polepole, mbele za watu, wasikie wenyewe. Alasiri ile, mbele ya cherehani, wote wanne walisema hayye, na Emuria akaipeleka posta kwa baiskeli.

Rasimu ya kwanza, ile ya kuwaambia wapumzike, ilikuwa bado chini ya mkasi. Mwalimu alinyoosha mkono aichane. Sahro alimzuia. Karatasi ilikuwa nzuri, ngumu, ya ukubwa unaofaa. Aliigeuza upande usioandikwa, akachora kwa chaki kola ya Darasa la Kwanza, akaikata. Kwa kipande hicho alikatia kola za msimu wote uliofuata.